Jibini Shimoni, Vitabu Kanisani: Watu wa London Waliokoa Nini Mwaka 1666?

Usiku wa kuamkia Jumapili, Septemba 2, 1666, moto ulianza kwenye nyumba ya mwoka mikate, mtaa wa Pudding Lane, jijini London. Wenyeji waliamshwa na moshi, wakakuta ngazi haipitiki. Familia ikatokea dirisha la ghorofani na kuvukia nyumba ya jirani kwa juu. Msichana wao wa kazi aliogopa kule juu, akabaki. Ndiye mtu wa kwanza kufa. Kwenye nyumba ile swali la kubeba nini halikuwepo kabisa. Muda uliwatosha kuokoa roho zao tu.

Wengine walikuwa na muda, na kazi ikawa ni kuchagua.

London ya wakati ule ilikuwa nyumba za mbao zilizobanana. Kiangazi kirefu kilikuwa kimeshazikausha, na upepo mkali ulivuma kutoka mashariki. Dawa ya moto wa namna hiyo ilijulikana: bomoa nyumba zilizo mbele yake, ukose cha kula. Lakini meya alisita, akiwahofia wenye nyumba. Na wananchi nao? Kila mtu alikuwa bize na vitu vyake. Afisa mmoja wa ofisi ya jeshi la majini, aliyekuwa akiandika mambo yake ya kila siku kwenye daftari, alizunguka mji Jumapili ile asione mtu anayejaribu kuuzima. Wote walikuwa wanahama tu.

Mitaa ikajaa mikokoteni. Bei ya kukodi mkokoteni ikapaa kutoka shilingi chache hadi makumi ya paundi, maana wenye mikokoteni walijua mtu hana ujanja. Mtoni mashua zilijaa vyombo vya ndani, na yule afisa aliona karibu mashua moja kati ya tatu imebeba kinanda. Ndiyo, kinanda! Kwa mwenye nacho, kilikuwa fahari ya nyumba, hakiachwi hivi hivi.

Maskini wengi walikaa ndani mpaka moto unawagusa, ndipo wakakimbilia mashuani. Hata njiwa, aliandika, hawakutaka kuacha madirisha waliyoyazoea, hadi baadhi wakaungua mbawa na kuanguka.

Mwenyewe hakungoja. Alfajiri ya Jumatatu, akiwa bado na nguo za kulalia, alipakia pesa, vyombo vya fedha na vitu vyake bora kwenye mkokoteni, akavipeleka Bethnal Green, nje ya mji. Jumanne, moto ukizidi kusogea, yeye na mwenzake wakachimba shimo wakafukia mvinyo, naye akaweka na jibini lake la Parmesan. Watu humcheka mpaka leo, lakini jibini lile lilitoka Italia na lilikuwa ghali. Zaidi ya hapo, lilikuwa halibebeki kirahisi, ila kulifukia kuliwezekana.

Sasa wauza vitabu. Maduka yao yalizunguka kanisa kuu la St Paul's. Wakafikiri vizuri tu: kanisa ni la mawe, na chini kuna chumba cha ardhini chenye kuta nene. Wakashusha shehena za vitabu humo na kuziba milango. Bahati mbaya, kanisa lilikuwa linakarabatiwa, limezungushiwa majukwaa ya mbao. Jumanne moto ukashika majukwaa, ukapanda paani, risasi iliyoezekwa juu ikayeyuka na kutiririka mitaani. Mawe yakaporomoka hadi chini, na vitabu vikawaka kwa siku kadhaa. Watu wa wakati ule walikadiria hasara hiyo kuwa paundi 150,000 au zaidi.

Moto ulipodhibitiwa, nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87 ya mitaa yalikuwa yameteketea. Nyumba ya yule afisa ilipona. Septemba 8 alikwenda Bethnal Green kuangalia vitu vyake, akarudi na daftari lake ili aandike habari za siku tano zilizopita. Kwa sababu ya daftari hilo, leo tunajua habari za kinanda, njiwa na jibini.

Ukiangalia vizuri, vitabu na daftari vyote vilikuwa karatasi. Daftari lilitolewa mapema likapelekwa mbali, vitabu vikawekwa karibu, mahali palipoaminika. Na zile saa za kwanza ambazo kila mtu alizitumia kuhamisha vyake, ndizo ambazo mji mzima ungeweza kuukata moto.

Leo, kwenye maeneo ya moto wa nyika kama California na Australia, watu wanashauriwa begi likae tayari kabla ya msimu: hati, dawa, vitu vichache, na kuondoka mapema. Maana moshi ukishaingia ndani, akili ya kuchagua nayo inakimbia.

Wewe je, kwenye begi lako ungeweka nini?