STIMA IKIPOTEA, NANI ATAIMBA?



Jumapili hii, kabla hujatoa simu kurekodi timu ya sifa, jiulize: mimi mwenyewe nitaimba?

Fungua 1 Mambo ya Nyakati 25. Daudi aliwaweka wana wa Asafu, Hemani na Yeduthuni wamwimbie Bwana. Waimbaji walikuwa 288, katika zamu 24, kila zamu watu 12. Zamu zilipangwa kwa kura, na kura hiyo haikuangalia umri wala ujuzi. Fundi na anayejifunza walisimama pamoja.

Lakini katika karne ya 4, Baraza la Laodikia liliamua kwamba kanisani waimbe waimbaji waliowekwa rasmi tu. Huko Ulaya kwaya zikazidi kuwa stadi, na kwa karne nyingi washirika wengi wakabaki kusikiliza. Ndipo mwaka 1524 Martin Luther na wenzake wakatoa vitabu vya nyimbo kwa Kijerumani, na mkulima akaimba kwa lugha ya nyumbani kwake. Katika karne ya 19, mchungaji Mwingereza John Curwen alichukua mbinu ya mwalimu Sarah Glover akaieneza: do, re, mi. Maskini asiye na kinanda akaweza kusoma wimbo. Wamisionari wakatuletea solfa hiyo hapa kwetu.

Nasi hatukuwa mikono mitupu. Wazee wetu waliimba mmoja akianzisha, wengine wakiitikia. Kwaya zetu zilichukua vyote viwili. Ndiyo maana leo tuna kwaya ya sauti nne, yaani soprano, alto, teno na besi. Tuna kwaya ya akina mama, ya vijana, ya watoto. Tuna vikundi vya watu wanne, na kwaya za pamoja kwenye mikutano mikubwa. Tangu 1927, Tamasha la Muziki la Kenya limewapa waimbaji jukwaa, na wengi wetu tulijifunza kushika sauti tukiwa shuleni.

Sasa tuna timu ya sifa: watu wachache, maikrofoni, kibodi na ngoma. Siipingi, Mungu ameitumia sana. Lakini stima ikipotea katikati ya ibada, je, kanisa litaendelea kuimba? Likinyamaza, basi tumerudi Laodikia bila baraza lolote kuamua.

Mpendwa, kwaya hufundisha jambo ambalo spika haiwezi. Besi hawezi kuimba vizuri bila kumsikiliza soprano aliye upande wa pili. Kila mmoja hushika sauti yake, lakini hamfuniki mwenzake. Sisi wa Eldoret tunajua jirani asiposikilizwa ni nini hutokea. Tarehe 1 Januari 2008, hapa karibu Kiambaa, kanisa lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, na zaidi ya 30 wakafa. Kwa hiyo kabila mbalimbali kusimama mstari mmoja na kutafuta ufunguo mmoja si jambo dogo katika mji huu.

Hivyo mazoezi ya Jumamosi yakitangazwa, njoo. Hata kama sauti yako ni ya kukwaruza, kuna mahali pake.

Tuombe: Baba, turudishie wimbo vinywani mwetu, na utupe masikio ya kumsikia jirani. Katika jina la Yesu, Amina.