Bunduki Iliyotoka Kiwanda cha Taa za Magari

Hapa Ndanai, Bomet, fundi wa malori ya majani chai hakosi bomba la grisi: mwili wa duara, mpini, na mrija mwembamba mbele. Ndugu zangu wa Pwani, mkishalishika hilo mmeshajua umbo la M3, bunduki ndogo ya rashasha ambayo askari wa Marekani waliipachika jina la chombo hicho.

Kilichoizaa ni bei. Thompson, waliyokuwa nayo kabla, ilichongwa kipande kwa kipande, na mwaka 1939 moja iliwagharimu zaidi ya dola 200. Wakaitazama Sten ya Waingereza, wakaona bunduki ya vitani haihitaji urembo. George Hyde akabuni umbo, Frederick Sampson wa General Motors akapanga namna ya kuitengeneza: mabamba mawili ya chuma yanakandamizwa kwa mashine, kisha yanachomelewa pamoja. Ilikubaliwa Desemba 1942. Kazi ilikwenda Guide Lamp, kiwanda cha taa za magari huko Anderson, Indiana. Zilitoka zaidi ya 600,000, kwa dola 20 hivi kila moja.

Mkono wake wa kukokia ulisumbua sana. M3A1 ya Desemba 1944 iliuondoa kabisa. Askari anatia kidole kwenye tundu la chuma cha ndani na kuvuta nyuma. Kifuniko cha dirisha la maganda ndicho kizuizi cha usalama: kikifungwa, haipigi. Mimi huvutiwa zaidi na kopo la mafuta lililofichwa ndani ya mpini, na kitako cha waya kinachotumika pia kama spana na ufito wa kusafishia mtutu. Ilipiga risasi 450 hivi kwa dakika, polepole kuliko Thompson, hivyo haikumrukia mpigaji.

Kenya tuliijua zaidi Sten yenyewe, iliyobebwa na vikosi vya Waingereza wakati wa Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960. Watu huiita bunduki duni. Sikubaliani nao: uduni ule ndio uliowezesha mamilioni kutengenezwa, na bunduki ya bei rahisi hufika mbali, hadi kwenye vijiji ambavyo havikuhusika na vita iliyoizaa.

M3 nayo ilikusudiwa itupwe ikiharibika. Mwaka 1991, kwenye Vita vya Ghuba, bado ilikuwemo ndani ya vifaru vya Marekani.