Migunga, Nyasi na Hewa ya Ukaa

Kabla ya enzi ya viwanda, hewa ya ukaa angani ilikuwa sehemu 280 hivi kwa kila milioni. Leo imepita 420. Mimea hujijenga kwa hewa hiyo, hivyo ni rahisi kudhani kila jani limenufaika sawasawa. Mbele ya Lango la Ndabaka la Serengeti, upande wa Bunda, dhana hiyo haisimami. Nyasi nyingi za mbuga hii hukusanya hewa ya ukaa ndani ya jani, na nyongeza haizifai sana. Mgunga hauna ufundi huo. Majaribio ya Afrika Kusini yalionyesha miche ya migunga ikinenepa mizizi hewa hiyo ilipoongezwa, na mzizi wenye akiba ndio unaochipua baada ya moto.

Atakayepinga atasema miti iliyoongezeka Serengeti ilirudishwa na nyumbu, si hewa: ugonjwa wa sotoka ulipotoweka huko miaka ya 1960, nyumbu waliongezeka kutoka takriban 250,000 hadi zaidi ya milioni moja, wakala nyasi, moto ukakosa cha kuunguza. Ni kweli, na pengine hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi. Lakini moto ukipungua huupa mche nafasi tu. Kasi ya kuitumia hutegemea hewa na udongo. Mgunga hujipatia naitrojeni kwa msaada wa bakteria wa mizizini, ila fosforasi lazima itoke ardhini. Hata rutuba haitoshi: nyanda za kusini-mashariki zina majivu mengi ya volkano, na bado karibu hazina miti, kwa kuwa tabaka gumu chini ya udongo huzuia mizizi.