Mpaka wa Kisu: Tiba ya Macho na Kinga ya Upofu wa Watoto katika Hospitali ya Mvumi, 1975–1985

Historia ya tiba ya macho vijijini Tanzania aghalabu husimuliwa kwa kuhesabu wagonjwa waliofanyiwa upasuaji. Kipimo hicho kinafaa kwa mtoto wa jicho, maradhi yanayowapata zaidi wazee na ambayo hutibiwa kwa kuondoa lenzi iliyoingiwa na ukungu. Hata hivyo, hakitoshi kueleza kazi ya Allen Foster, daktari bingwa wa macho kutoka Uingereza, aliyehudumu Tanzania kuanzia mwaka 1975 hadi 1985 katika Hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma. Hoja ya insha hii ni kwamba mchango wake mkubwa ulitokana na kutambua mahali ambapo kisu hakikuweza kusaidia.

Hospitali ya Mvumi, ya Kanisa Anglikana, ilihudumia wakulima na wafugaji wa Ugogo, eneo kame la katikati ya nchi. Miongoni mwa wagonjwa walikuwamo watoto wenye vidonda vya konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho. Kidonda cha namna hiyo kikipona huacha kovu jeupe. Kikitoboka, jicho lote huweza kusinyaa. Mtoto aliyefikishwa hospitalini katika hatua hiyo hakuwa na mengi ya kutarajia kutokana na upasuaji.

Ilibidi basi kutafuta chanzo. Mwaka 1987 Foster, pamoja na mtafiti Mmarekani Alfred Sommer, alichapisha uchunguzi wa watoto 130 wa Tanzania waliokuwa na vidonda hivyo. Asilimia 37 ya vidonda ilihusishwa na surua ya karibuni. Visababishi vilivyobainishwa ni pamoja na upungufu wa vitamini A, virusi vya hepesi na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Upungufu wa vitamini A ndio ulioongoza kwa kushambulia macho yote mawili, na kwa hiyo ndio uliosababisha sehemu kubwa ya upofu.

Mwaka huohuo Barclay, Foster na Sommer walitoa matokeo ya jaribio lililofanyika Mvumi kwa watoto 180 wenye surua, waliogawanywa kwa bahati nasibu. Kati ya 88 waliopewa vitamini A, walifariki 6. Kati ya 92 waliopata matibabu ya kawaida pekee, walifariki 12. Kwa idadi ndogo kiasi hicho, tofauti hiyo peke yake isingekuwa ithibati kamili. Lakini kwa watoto wa chini ya miaka miwili ilikuwa bayana: alifariki mmoja dhidi ya saba. Mwaka 1987 pia, Shirika la Afya Duniani na UNICEF yalipendekeza vitamini A kwa watoto wenye surua katika nchi zenye upungufu huo.

Hivyo, swali lililoanza kama la jicho liliishia kuwa la uhai. Mwanahistoria anayetegemea daftari la chumba cha upasuaji pekee hataiona sehemu hii ya kazi, kwa kuwa mtoto aliyekingwa asipofuke hakuandikwa humo.