Matundu 19 nyuma ya pedi

Septemba 2018 Microsoft ilianza kuuza pedi ya gemu isiyofanana na pedi. Ni kama ubao mweupe mwembamba, wenye vitufe viwili vyeusi vipana ambavyo mtu anaweza kuvibonyeza kwa ngumi, kiwiko au mguu. Nyuma yake yamepangwa matundu 19 ya milimita 3.5, kama yale ya kuchomekea vipokea sauti vya masikioni. Waliokiona kifaa hicho walisifia vitufe. Kwa maoni yangu werevu wote umo kwenye matundu, na mambo yaliyozaa matundu hayo yalianza kabla Microsoft yenyewe haijazaliwa.

Yalianza hospitalini. Stoke Mandeville, Uingereza, tangu 1944 palikuwa na kituo cha Dk. Ludwig Guttmann cha waliojeruhiwa uti wa mgongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Reg Maling, aliyekuwa akienda pale kwa kujitolea, aliona wagonjwa wasioweza kusogeza mkono wala mguu, ila pumzi wanayo. Akabuni mtambo wa mrija: ukipuliza au ukivuta, swichi inafanya kazi, na kwa mpangilio wa pumzi mgonjwa anawasha taa, anaita muuguzi, anapiga taipu. Ukaitwa Possum. Shabaha ilikuwa mtu aandike barua yake na azime taa yake, mchezo ulisubiri.

Ulisubiri hadi 1989, Nintendo ilipotoa Marekani pedi ya kuvaliwa kifuani. Joistiki yake ilisukumwa kwa kidevu, na mrija ulichukua nafasi ya vitufe. Kazi nzuri, lakini huikuti dukani: sharti upige simu Nintendo kwenyewe uagize. Tena ilimtaka mchezaji awe na mwili wa namna moja. Mwenye nguvu za goti na si za shingo hakuwa na lake.

Wakati huo huo wazazi na wataalamu wa tiba kwa vitendo walikuwa wakifanya ufundi wao bila kelele. Unachukua mwanasesere wa betri, tuseme dubu apigaye ngoma. Unatafuta kipande chembamba cha plastiki chenye shaba pande zote mbili, kila upande umelehemiwa waya wake. Ukikisukumiza kati ya betri na kibati cha kwenye kasha, moto unakatika. Zile nyaya mbili unaziishiliza kwenye tundu la milimita 3.5. Sasa mtoto aliye kwenye kiti mwendo akichomekewa swichi, akaigusa kwa shavu au kisigino, moto unapita na dubu anapiga ngoma. Fundi redio yeyote wa Kariakoo angeimaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa. Tundu lile lilikuwa rahisi na lilipatikana kila mahali, basi waliotengeneza swichi za watu wenye ulemavu wakalifuata, na likawa desturi.

Ndiyo maana Microsoft ilipata pa kuanzia. Mwaka 2014 mhandisi wake mmoja aliona mtandaoni picha ya pedi iliyoundwa na Warfighter Engaged, kikundi kinachowatengenezea vifaa vya gemu askari wa Marekani waliojeruhiwa vitani. Shirika la AbleGamers nalo lilikuwa likipigania gemu ziwafikie watu wenye ulemavu tangu 2004. Badala ya kubuni kifaa kimoja cha kumfaa kila mtu, wahandisi walikipa karibu kila kitufe cha pedi ya kawaida tundu lake. Swichi ya kichwani iwe ya kuruka, ya kwenye goti iwe ya kupiga risasi, mrija uwe wa kukimbia: mchezaji anapanga mwenyewe. Juu ya kila tundu kuna mfereji mdogo, ili kidole kilipate bila macho. Hata boksi lilifikiriwa. Lina vitanzi vya kuvuta, mtu asilazimike kulifungua kwa meno.

Bei ilikuwa dola 100 hivi, nafuu kwa kifaa cha aina yake. Uchungu uko kwenye swichi, kwa kuwa moja tu ya kampuni za vifaa tiba huweza kupita dola 50. Mwaka 2019 Logitech ikatoa seti ya swichi 12 kwa bei ya pedi yenyewe. Sony ilijiunga Desemba 2023 kwa pedi ya duara ya PlayStation 5, nayo ikiwa na matundu manne ya milimita 3.5. Vibanda vyetu vya PlayStation, vyenye mabenchi yaliyobanana na kizingiti mlangoni, bado vina safari yao.

Kuna kifaa kingine kidogo ninachokipenda kuliko hizo pedi zote. Kikundi cha ATMakers pamoja na AbleGamers waliunda kisahani cha saketi kiitwacho Freedom Wing. Joistiki ya kiti mwendo cha umeme, kwa viti vyenye plagi ya pini 9, inachomekwa humo, na mkono uliozoea kukiendesha kiti hadi sokoni unaendesha gari la mashindano kwenye skrini. Plagi ya pini 9 ndiyo Atari waliyoitumia kwenye joistiki zao mwaka 1977. Michoro ya kisahani hicho imewekwa wazi. Mwenye chuma cha kulehemia anaweza kujitengenezea chake.