Misuli Iliyokosa Amri

Ndani ya uti wa mgongo hupita ugwe laini wa mishipa ya fahamu, uchukuao amri za ubongo hadi miguuni. Ugwe huo ukikatika, mguu huwa kama askari aliyesahauliwa na jemadari wake: yu hai, lakini haambiwi neno, na kwa kukosa kazi hukonda.

Waganga wa Misri ya kale waliijua hali hii. Katika hati ya mafunjo iliyonunuliwa Luxor mwaka 1862 na Mmarekani Edwin Smith, ambayo umri wake ni miaka 3,600 hivi, imeelezwa habari ya mtu aliyeteguka mfupa wa shingo, asiyehisi mikono wala miguu yake. Hukumu ya mganga ilikuwa fupi: ugonjwa huu hautibiwi. Hukumu hiyo ilidumu maelfu ya miaka, na majeruhi wengi walikufa kwa vidonda vya kulala na maradhi ya mkojo.

Miongoni mwa walioikataa alikuwa Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1939. Mwaka 1944 alifungua kituo cha majeruhi wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza. Aliagiza wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Kisha akawapa kazi na michezo, ili misuli ya mikono na kifua, iliyokuwa ikipata amri bado, ichukue mzigo wa miguu. Tarehe 29 Julai 1948, Olimpiki ilipofunguliwa London, majeruhi 16 walishindana kupiga mishale wakiwa katika viti vya magurudumu. Mbegu hiyo ndiyo iliyozaa Michezo ya Paralimpiki.

Je, kwa nini mguu hukonda? Misuli hujengwa kwa protini, nazo kila siku huvunjwa na kujengwa upya, kama nyumba ya udongo ikandikwavyo kila ibomokapo. Amri ikikoma, ubomoaji hushinda ujenzi. Mwaka 2001 wataalamu walitangaza protini mbili, atrogini-1 na MuRF1, ambazo huzitia alama protini za misuli zipate kuvunjwa. Hata nyuzi zisaliazo hubadilika: zile zenye ustahimilivu hugeuka kuwa za kuchoka upesi.

Elimu haijaweza bado kuuponya kabisa ugwe uliokatika. Lakini imetufunza kwamba asiyeponyeka si mtu wa kuachwa afe.