Namba tasa ina watoto

Chukua korosho 12 zilizobanguliwa, uzipange mafungu kwenye mkeka. Mtoto yeyote wa kata ya Lionja anayejua kuhesabu ataziweka nne nne, tatu tatu au sita sita, zote zitaenea. Sasa ongeza moja. Mbili mbili, inabaki moja. Tatu tatu, moja. Nne nne, moja tena. Tano tano, zinabaki tatu. Korosho 13 hazikubali kugawanyika sawa, isipokuwa moja moja, au zote fungu moja.

Namba ya namna hiyo vitabu vyetu vya hisabati huiita namba tasa. Neno zito hilo. Kuna wanawake wamelia kwa kuitwa hivyo, na ng'ombe huuzwa kwa sababu hiyo hiyo. Kwangu mimi, hapa limekaa vibaya. Kinachokosekana kwa 13 ni vigawo, yaani wazazi. Watoto inao tele: 26, 39, 52, bila kikomo. Tena kila namba nzima inayozidi 1, kama yenyewe si tasa, imezaliwa na tasa: 12 ni 2 × 2 × 3. Ningependa tuziite namba mama.

Hazina mwisho pia. Mwanahisabati Euclid alithibitisha hilo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Oktoba 2024 ilitangazwa moja iliyozipita zote zilizokuwa zikijulikana: zidisha mbili 136,279,841 pamoja, kisha toa 1. Ina tarakimu 41,024,320, na haikubali mafungu, kama zile korosho 13 mkekani.